Msiba Hata Mdogo

Kuna wakati niliijua misiba ya Buhembe, mtaa wetu pale Bukoba, kuliko padri. Nilijua nani amelazwa, nani amerudishwa nyumbani baada ya madaktari kukata tamaa, na nani ana watoto Dar es Salaam. Hilo la watoto wa Dar lilikuwa na uzito wake, kwa sababu mzee mwenye watoto Dar akifariki huchinjwa ng'ombe, na asiye nao watu hula maharage. Sisemi hivi ili nichekeshe. Ndivyo nilivyokuwa nikiwaza, mtu mzima, Mkatoliki mwenye kipaimara, nimekaa nyuma ya cherehani na simu mapajani, nikisubiri kundi la jumuiya litoe mlio.

Ukija ujumbe kwamba tumempoteza mwenzetu, kitu cha kwanza nilichokitafuta hakikuwa jina. Nilitafuta siku ya maziko. Kama kulikuwa na ndugu wanaosubiriwa kutoka mbali, maana yake msiba ungekaa, na msiba ukikaa watoto wangu wangekula. Jina nililisoma baadaye. Hapo ndipo nilipojisikia vibaya, lakini nilijisikia vibaya huku mkono ukiwa tayari unatafuta kisu.

Kisu kinahitaji maelezo kwa asiye wa kwetu. Kagera mtu akifariki, wafiwa hawaachiwi jiko. Kila kaya ya jirani inaleta mkungu wa ndizi, au kuni, au hela kidogo, na wanawake wanakuja kila mmoja na kisu chake, wanakaa chini kwenye majani ya migomba na kumenya. Mnamenya mpaka vidole vinakuwa vyeusi kwa utomvu. Ndizi zinapikwa kwenye masufuria makubwa zikiwa zimefunikwa kwa majani, na wote mliopo mnakula: waliolia, wasiolia, na watoto waliokuja wameshika gauni la mama yao. Hakuna anayeuliza nani kaleta nini, au ndivyo nilivyopenda kuamini. Mimi nilileta mikono. Nilimenya haraka, na maganda yangu yalikuwa membamba kwa sababu nimezoea kumenya ndizi ambazo nyuma yake hakuna nyingine. Wazee walinisifu. Walisema huyu dada ana moyo, hakosi msiba. Niliinamisha kichwa, nao wakadhani ni unyenyekevu.

Ninao mabinti wawili. Wakati huo mkubwa alikuwa darasa la sita na mdogo hajaanza shule. Baba yao alikwenda Geita kutafuta dhahabu, akapata mji mwingine hukohuko, na sitampa nafasi zaidi ya hiyo hapa. Nilikuwa nashona kwenye kibaraza cha duka Bakoba. Mwezi wa kufungua shule nilikuwa mtu. Sare zilinifunika mpaka kichwani. Miezi mingine nilibadilisha zipu na kupunguza suruali za wanaume waliokonda, na siku nyingine nilikaa tu nikipaka mashine mafuta ili wapitao wasinione nimekaa bure.

Nilijifunza kuvuta vitu. Maharage niliyachemsha mara moja kwa wiki ili kuni zisiishe. Siku ya kwanza tulikula maharage, kesho yake niliongeza maji, na siku ya tatu niliyaponda nikayaita mchuzi wa karanga. Mkubwa aliacha kuuliza karanga ziko wapi. Sukari ilikuwa dawa, ya mtu mwenye homa. Vipande vya vitambaa vya wateja vilikuwa chupi za watoto, nusu bluu nusu kaki. Hayo yote sikuyaonea aibu sana, kwa sababu yalifanyika mlango ukiwa umefungwa.

Kilichonitesa ni ugali. Kwa Mhaya chakula ni ndizi. Mtu wetu anaweza kula ugali mpaka akashindwa kusimama, ukimuuliza atakwambia leo hajala. Nilikuwa nimelelewa Muleba, katikati ya kibanja cha mama yangu, migomba imezunguka nyumba mpaka mlangoni, na kununua ndizi sokoni ilikuwa habari ya watu waliokosa kwao. Kisha mnyauko ukaingia. Mgomba unasimama vizuri, unazaa, halafu ndani ya ndizi kunaoza na majani yanalegea. Mikungu niliyokuwa natumiwa kwa gari ikapungua, ikawa mmoja, ikaisha. Sokoni bei ikapanda. Watoto wangu wakawa wanakula ugali wa muhogo na dagaa, na nikawafundisha, kwa maneno haya haya, kwamba mtu akiwauliza mmekula nini waseme ndizi.

Jirani yangu wa karibu alikuwa bibi mmoja mjane mwenye ng'ombe wa maziwa. Tukipata ndizi, nilimpelekea maganda kwa ajili ya ng'ombe, naye aliwapa wanangu maziwa kwenye kikombe chenye mpini uliovunjika. Masikio yake yalikuwa yamechoka, ilibidi umsemeshe kwa kupaza sauti, na kwa hiyo siri zake zote mtaa ulizijua. Za kwangu alizijua kwa maganda. Yakipita majuma bila mimi kwenda na beseni, alituma maziwa hivyohivyo, akisema ng'ombe kakasirika, maziwa yasiponywewa leo atapiga teke.

Aliyeanza kuona ni mkubwa. Msichana mmoja wa darasa lake alimwambia mbele ya wenzake kwamba kwao wanakula misibani. Hakuniambia siku hiyo. Alisubiri msiba uliofuata, wa mzee mmoja wa upande wa Kahororo ambaye, kusema kweli, sikumfahamu hata kwa sura. Tulifika, nikamenya, chakula kikapakuliwa. Yeye akapokea sahani yake, akaiweka chini mbele ya miguu, akafunika kwa jani, akakaa ameitazama. Nilimkonyeza ale. Akanitazama usoni bila kupepesa. Mama mmoja aliyekaa karibu akaguswa, akasema, "Bojo, huyu mtoto ana uchungu na mzee wetu." Akampapasa kichwa. Mwanangu akaanza kulia, na watu wakazidi kuguswa.

Njiani kurudi nilimgombeza. Nilimwambia chakula hakichezewi, nilimwambia yeye ni nani wa kuacha ndizi na nyama. Nilikuwa na hasira kwa sababu alikuwa amefanya kile nilichopaswa kufanya mimi. Tangu siku hiyo tulikwenda misibani watatu tukala wawili, na usiku yeye alikula kiporo cha ugali kwa chumvi, amenipa mgongo.

Likizo ya Juni ndiyo iliyotuanika. Shule zikifungwa, uji wa shuleni unafungwa nao, na mlo huo mmoja nilikuwa nimeuweka kwenye hesabu zangu kama mshahara. Tena ikawa kiangazi kizuri, watu wazima afya tele, wagonjwa wanaruhusiwa hospitali na kurudi wanacheka. Kundi la jumuiya kwenye simu lilikuwa la kupongezana siku za kuzaliwa. Siku zikapita, dagaa wakapungua, na mdogo akawa ananiuliza kila asubuhi, "Mama, leo kuna msiba?" Nilimwambia hakuna. Sikumwambia kwamba hiyo ni habari njema. Nilijibu kwa sauti ileile ambayo mtu hutumia kusema hakuna mkate.

Jumamosi moja alfajiri ikawa zamu yetu kupokea sala ya jumuiya. Kwa wasiojua, jumuiya ni kaya chache za Wakatoliki zinazosali pamoja, kila juma kwa mmoja wao. Nilikuwa nimeazima mkeka na viti, nimefagia mpaka nje. Walikuja wengi wakajaa chumba na kibaraza. Bibi jirani alipewa kiti kilicho karibu na picha ya Moyo Mtakatifu. Mwenyekiti wetu, mstaafu mwenye sauti ya redio, aliongoza. Baada ya somo tukafika kwenye maombi, pale ambapo yeyote mwenye nia anaitaja na wote wanaitikia. Mmoja akawaombea wagonjwa. Mwingine akaombea mvua. Mwenyekiti, ambaye alipenda kuonekana anapenda watoto, akasema, "Na watoto nao waombe. Mungu anawasikia haraka kuliko sisi."

Mdogo wangu akasimama. Alifumba macho, akakunja mikono kama alivyofundishwa, na akasema kwa sauti safi, "Tumwombe Mungu atupe msiba, hata mdogo, ili tule ndizi."

Bibi hakuwa amesikia. Aliona mtoto amenyamaza, akajua zamu yake imefika, akaitikia kwa nguvu zake zote, "Ee Bwana, twakuomba utusikie." Na kwa mazoea ya miaka yote ile, chumba kizima kikamfuata. Waliitikia wote. Mimi pia niliitikia, mdomo ulitangulia.

Halafu ndipo watu wakasikia walichokuwa wamesema. Mtu mmoja kibarazani alikohoa. Mwenyekiti alifungua kitabu, akakifunga, akaanzisha Salamu Maria kabla ya wakati wake, na watu wakaishika haraka. Mkubwa alikuwa amesimama mlangoni. Alitoka. Mimi nilitazama mkeka wa kuazima na nikaona kwamba una tundu, na nikalitazama tundu lile mpaka mwisho wa sala. Nilitamani mtu aseme neno lolote baya ili nipate wa kugombana naye.

Hakuna aliyesema. Kwa kawaida watu hubaki wakiongea, wakiulizana habari za kahawa. Siku ile kila mmoja alikumbuka ana shughuli. Bibi, akiwa anainuliwa kutoka kwenye kiti, aliuliza kwa sauti kubwa, "Mtoto kaomba nini, waitu? Mbona mmepoa?" Mama mmoja akamwinamia sikioni, akapaza, "Ameomba amani." Bibi akafurahi. Akambariki mwanangu kwa dole gumba kwenye paji la uso, akaondoka anajikongoja.

Sikumpiga mtoto. Nataka ieleweke kwamba nilitaka. Badala yake nilikusanya nguo zetu chache, nikachukua hela ya gauni la mteja nililokuwa sijalimaliza, na kabla ya saa sita tulikuwa kwenye gari la Muleba. Kukimbilia kwa mama ni jambo la kitoto na nilikuwa najua hivyo.

Kwetu, binti akienda kwao haendi mikono mitupu. Anabeba sukari, sabuni, hata samaki mmoja. Nilishuka na watoto wawili na mfuko wa nguo chafu. Mama alitoka nje anafuta mikono kwenye kanga, akatukaribisha, "Nyegera, nyegera waitu," akanipokea mfuko ule kana kwamba una vitu ndani. Alikuwa amepungua. Kahawa ilikuwa imeanikwa uani, kidogo, haijazi hata mkeka. Nyuma ya nyumba kibanja kilikuwa wazi kiasi kwamba uliweza kuona nyumba ya jirani, kitu ambacho utotoni mwangu hakikuwezekana.

Mchana alitupikia ndizi. Nilishangaa zimetoka wapi, nikaacha kuuliza kwa sababu watoto walikuwa wanakula. Hata mkubwa alikula, alikula mpaka jasho likamtoka, na mama alimtazama akila, kisha akanitazama mimi. Yeye alisema ameshakula. Jioni nilipokwenda kutafuta kuni nikaona jikoni, nyuma ya mlango, sufuria ndogo yenye viazi vitamu vilivyopoa vikiwa na alama ya meno. Nikairudishia mfuniko. Tulilala nyumba moja, mama na binti, kila mmoja akiwa amemficha mwenzake njaa. Kesho yake tulikwenda misa, tukasalimiana na watu, na wote wakaniambia nimenawiri.

Simu ililia Jumatatu asubuhi. Alikuwa mwenyekiti. Alisema bibi jirani amelala jana usiku na leo hakuamka. Sukari ilikuwa inamsumbua siku nyingi. Kisha akasema, "Tumeona tukujulishe wewe mwenyewe." Sikujua alimaanisha nini na sikutaka kujua.

Mdogo alikuwa amekaa kwenye kizingiti. Nilipomweleza mama habari, yeye alisikiliza yote, na baada ya muda akaja akanishika goti. "Bibi wa maziwa?" aliuliza. Nikasema ndiyo. Hakulia. Alikwenda akajificha nyuma ya pipa la maji, na pale alikaa mpaka nikamvuta.

Nilimwambia mama sirudi. Nilitunga sababu: nauli, mtoto ana mafua. Ilibidi hatimaye nimwambie yaliyotokea kwenye sala, na nilimwambia nikiwa nimegeukia ukuta. Nilitegemea atacheka, au atalia. Alichambua kahawa kwa vidole. Mwisho akasema, "Usipokwenda huu, ile mingine yote uliyokwenda itakuwa ya nini?" Akachukua panga, akaingia kibanjani, na akarudi na mkungu. Mkungu mzuri, uliojaa. Sijui alikuwa ameutunza kwa ajili ya nani. Akasema, "Wape wanangu wale huko."

Niwe mkweli kuhusu mkungu ule. Alisema wape wanangu. Nilimsikia vizuri. Lakini tangu tulipopakia garini, na njia nzima hadi Bukoba, mimi niliuona umeshushwa mbele ya watu msibani, na watu wakiona nani ameuleta. Nilishuka stendi nikatafuta bodaboda wawili, mmoja wa mkungu na mdogo na mimi, mwingine wa mkubwa na mfuko. Nilimwambia dereva atupeleke moja kwa moja kwa bibi. Mkubwa alielewa tuliposhuka. Alishika mkono wangu nilipokuwa nafungua kamba za mkungu. "Bibi wa Muleba alisema ni wetu," alisema. Nikamwambia aniachie. "Mama, ni wetu. Tutakula wiki nzima." Nikautoa mkono wake kidole kimoja kimoja, nikaubeba mkungu begani mwenyewe, nikaingia nao uani.

Wanawake walikuwa wamekaa kwenye majani, wanamenya. Mazungumzo yalipungua. Niliushusha pale ilipokuwa mingine. Mmoja akasema asante, mwenzetu, pole na safari. Basi. Sijui nilitegemea nini. Ulikuwa mkungu katikati ya mikungu, na baada ya muda mfupi mtu aliuvuta akaanza kuukata, na ndizi za mama yangu zikachanganyika na za wengine nisiweze kuzitambua. Nikakaa, nikatoa kisu, nikamenya. Upande wa zizi ng'ombe alikuwa analia, hajakamuliwa vizuri.

Nilijiapiza kwamba sitakula. Siku ile sitatia kitu mdomoni, na watu waone kwamba sikuja kula. Ndiyo maana sikuangalia watoto wako wapi mpaka chakula kilipoanza kugawiwa. Mkubwa alikuwa amekaa mbali, kwenye jiwe la kunolea, ameshika tama. Mdogo alikuwa ameletewa sahani na mama wa kwenye masufuria, ndizi na maharage na kipande cha nyama juu, maana bibi alikuwa na mtoto Dar. Alikuwa ameishika sahani kwa mikono yote miwili, mbali na mwili, bila kula.

Nikamwendea. "Kula," nilimwambia kwa sauti ya chini.

"Sitaki."

"Una njaa. Tangu asubuhi hujala."

Akanisogelea sikioni. "Mama, mimi ndiye niliyeuomba msiba," alisema. "Nilisema mdogo. Sikusema bibi."

Nilimweleza kwamba bibi alikuwa mgonjwa. Nilimweleza kwamba Mungu hafanyi hivyo. Alinisikiliza kwa adabu na nikaona haingii. Angewezaje kuamini? Aliomba msiba ili ale ndizi, watu wazima wote wakaitikia, msiba umekuja, na ndizi hizi hapa. Kisha akatazama mikono yangu na kuuliza, "Na wewe mbona huli?"

Nilikuwa na majibu mengi ya mtu mzima. Yote yalikuwa ya uongo, naye angenishika. Kama mimi sili, basi chakula kile kilikuwa na kosa ndani yake, na kosa lilikuwa lake. Nilielewa hilo nikiwa nimechuchumaa pale, na bado sikutaka kusimama. Wanawake walikuwa wanatazama. Hata wasingekuwa wanatazama, mimi nilikuwa nimeamini kwamba wanatazama kwa muda mrefu sana kiasi kwamba isingekuwa na tofauti.

Nikamshika mkono tukaenda kwenye masufuria. Mama wa kugawa aliinua kichwa. Ni yuleyule aliyesema mtoto kaomba amani. Nikaanza vibaya, nikasema habari za kazi, nikasema poleni, na mwiko ukawa unasubiri hewani.

"Naomba chakula," nikasema. "Nina njaa. Na watoto wangu wana njaa, siku nyingi."

Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyopanga. Nyuma yangu wamenyaji waliacha kumenya. Mama yule alijaza sahani, akaongeza, akabana kwa mwiko akaongeza tena, bila kunitazama usoni, na kwa hilo namshukuru mpaka leo. Nikakaa chini palepale na mtoto, mbele ya wote, nikala kwa mkono. Nilikula vibaya, kwa haraka, machozi na maharage pamoja. Mdogo alinitazama mpaka nilipomeza mara kadhaa. Kisha akachukua kipande kimoja cha ndizi, kidogo, akakitafuna taratibu, akingoja kitu kibaya kitokee.

Mkubwa hakuja. Alikuwa amesikia, kama wote walivyosikia, na alikuwa ameficha uso kwenye magoti. Katika maisha yake alikuwa ameniona nikidanganya, nikigombeza, nikipora mkungu wake, lakini hajawahi kunisikia nikiomba. Nilimwita mara moja, nikamwekea nusu upande wa sahani, na nilipomaliza nusu yangu nilikaa nikiwafukuza nzi kwenye yake.